Kabla Hujakubali Transfa Ishushwe, Piga Jeki Kwanza

Taa ya foo wili ikiwaka pale kwenye dashibodi watu wengi wanaamini tayari tairi za mbele zinavuta, na mimi nataka nianze kwa kulikataa hilo kabisa. Ile taa kwenye gari nyingi za zamani inawashwa na kaswichi kamefungwa kwenye transfa, lile boksi linalogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, kanabonyezwa na chuma cha ndani pale unapovuta gia kwenda 4H (tairi zote nne), basi, kazi yake imeishia hapo. Haijui kama habu zimefunga, haijui kama difu ya mbele imeshika, haijui kama shafti imekatika. Kwa hiyo unaweza ukawa na taa inayowaka vizuri kabisa na gari inayovuta kwa tairi za nyuma tu, na unaweza pia ukawa na taa iliyokufa huku foo wili inafanya kazi, manake kilichokufa ni waya au swichi. Taa ni ushahidi mmoja, tena ni ushahidi dhaifu.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo kwa sababu huku kusini mwa Tanzania foo wili siyo mapambo. Mvua zetu zinaanza mwezi wa kumi na mbili hivi, zinakwenda mpaka wa nne, kuna mwaka zinavuka mpaka wa tano, na katikati ya hapo ukiwa na safari ya Liwale, uwe umepitia Nangurukuru au umetokea Nachingwea, unajua fika kuna sehemu gari ya kawaida inalala. Ukitoka Mtwara mjini kwenda Msimbati, ukishapita Madimba pale kwenye mtambo wa gesi, mbele unakutana na mchanga, na ukishuka ufukweni kuelekea Ruvula ndo mchanga wenyewe sasa, tairi za nyuma peke yake zinachimba shimo na kushusha gari mpaka tumboni. Kule juu Newala na Tandahimba njia za ndani ni mchanga kiangazi na makorongo masika, na msimu wa korosho ukifika gari zinatakiwa ziingie hukohuko mpaka kwenye maghala ya vyama vya ushirika (AMCOS). Na gari zenyewe zinazofanya hii kazi siyo za jana, ni Land Cruiser mkonga zenye injini ya 1HZ, ni Hilux dabo kebini za 3L, ni Surf na Prado za miaka ya 90, Pajero, Escudo. Hizi ndo zinambeba mama mjamzito usiku kutoka kijijini kumkimbiza hospitali ya Ndanda. Foo wili ikikataa njiani na mtu huyo yuko ndani, hilo siyo tatizo la gari tena.

Sasa kinachoniumiza ni jinsi ugonjwa wa foo wili unavyotafutwa. Mtu anapeleka gari gereji anasema "haivuti mbele", fundi anaingia chini, anagonga gonga, anatoka anasema transfa imekufa. Hapohapo inaanza hesabu ya kutafuta transfa yusdi kutoka Dar, inapakiwa kwenye basi, inakuja, inafungwa, na gari bado haivuti. Nimeona hili kwa watu wengi ninaowafahamu na kila mara naulizaga swali lilelile, waliipiga jeki? Jibu linakuwa hapana.

Binamu yangu alinipigia simu akiwa Masasi na Surf yake.

"Kaka, hapa nimeambiwa transfa imekwisha, wanataka waishushe."

"Wameipiga jeki?"

"Hapana, wameiendesha tu hapo nje wakaisikiliza."

"Waambie wasifungue hata nati moja, nakuja."

Ntarudi kwenye hiyo Surf, lakini kwanza tuelewane gari inafanyaje kazi, siyo kwa kirefu, kiasi cha kujua pa kushika. Nguvu inatoka injini inapita gia boksi inaingia transfa. Transfa inaigawa, propela ya nyuma, ile shafti ndefu chini ya gari, inapeleka difu ya nyuma, propela ya mbele inapeleka difu ya mbele, kutoka kwenye difu ya mbele zinatoka shafti mbili mpaka kwenye tairi. Kwenye 2H transfa inaiachia propela ya mbele, kwenye 4H inaifunga pamoja na ya nyuma. Na ili gari isizungushe vyuma vya mbele bure ukiwa lami, wakaweka sehemu ya kuachanisha huko mbele, na hapa ndo gari zinatofautiana. Land Cruiser mkonga na Hilux za zamani zenye akseli nzima mbele zina habu, zile unazozungusha kwa mkono kwenye tairi kwenda LOCK au FREE, au za otomatiki zinazojifunga zenyewe. Surf nyingi na Hilux za miaka ile zenye shafti mbili za kujitegemea mbele zina kifaa kwenye difu yenyewe, watu wanakiita ADD, kinavutwa na vakyumu ya injini, yaani mvuto wa hewa, kupitia mipira miwili. Pajero za Super Select nazo zinatumia vakyumu huko mbele. Baadhi ya Escudo zina pampu ndogo ya umeme inayosukuma upepo kwenda kwenye difu ya mbele. Prado nyingi za umbo lile la mwaka 1996 mpaka 2002 ni foo wili muda wote, zenyewe zina difu ya katikati ndani ya transfa ambayo unaifunga ukitaka.

Kwa hiyo unaona, propela ya mbele imekaa katikati kabisa. Nyuma yake iko transfa, mbele yake viko difu, ADD, shafti na habu. Ukijua propela ya mbele inafanya nini wakati tairi inakataa kuvuta, tayari umeshalikata tatizo nusu na nusu umeitupa. Hii ndo hoja yangu yote, na kuifanya hakuhitaji mashine, kunahitaji jeki, mawe na mtu mmoja wa kukusaidia.

Tafuta sehemu tambarare na ngumu. Kabla ya jeki weka 4H, habu ziwe LOCK zote mbili kama gari ni ya habu, kisha iendeshe mita chache mbele na nyuma taratibu ili meno yaingiane vizuri, manake vifaa vingi vya zamani havishiki gari ikiwa imesimama kabisa. Hii iendeshe kwenye mchanga au vumbi, siyo lami. Simama, vuta handibreki kwa nguvu zote, weka nyutro, ziba tairi za nyuma kwa mawe mbele na nyuma. Kama ni gari ya vakyumu au ya pampu ya upepo acha injini inaunguruma, na anayekusaidia akae kwenye usukani asiguse gia wala klachi. Prado funga ile difu ya katikati, usipofanya hivo jaribio litakudanganya. Halafu piga jeki tairi MOJA tu ya mbele, ile nyingine ibaki chini, na weka stendi au gogo imara chini ya gari kabla hujasogeza hata mkono, maisha yako yana thamani kuliko difu.

Sasa shika tairi iliyo juu uizungushe kwa mikono miwili. Kama foo wili ni nzima haitakubali, itacheza kidogo ule mchezo wa meno halafu itagoma, kwa sababu propela ya mbele imefungwa na ya nyuma, na ya nyuma imeshikwa na handibreki. Kama imegoma, jeki tena upande wa pili ujiridhishe. Zikigoma zote mbili foo wili yako ni nzima, na kama gari bado inakwama tatizo ni tairi vipara, upepo mwingi kwenye mchanga, au uendeshaji.

Ikizunguka, usikimbilie kusema imekufa. Izungushe taratibu na huku unachungulia propela ya mbele. Hapa ndo penyewe. Tairi inazunguka na propela imetulia tuli, basi transfa haina kosa, imeishikilia propela kama inavyotakiwa, tatizo liko mbele yake. Tairi inazunguka na propela inazunguka nayo, basi mbele yote iko sawa, ni transfa haijafunga, na hata hapo bado inaweza kuwa ni mkono wa gia tu au bushi zake zimelika, gia haifiki mwisho.

Turudi Masasi. Surf ya binamu ilipopigwa jeki tairi ilizunguka laini kabisa na propela haikutikisika. Transfa waliyotaka kuishusha ilikuwa inafanya kazi yake. Tukaingia chini na tochi kwenye difu ya mbele pale kwenye kile kidude cha ADD, kina mipira miwili myembamba inaingia, nikaufuata mmoja kwa vidole toka mwanzo. Kwa macho ulikuwa mpira mzuri tu, mweusi, umejaa vumbi, ila nilipoubinya pale mwisho unapoingia kwenye chuma ukafunguka ufa, mrefu kama kucha ya kidole gumba, upande wa chini ambao huwezi kuuona ukiwa umelala. Mpira ulikuwa umekauka kwa joto ukawa mgumu. Kwa bahati ulikuwa na urefu wa ziada, tukakata kile kipande kibovu kwa wembe tukaurudisha kwenye chuma na kaklipu, tukawasha injini, tukaiendesha kidogo, tukapiga jeki tena. Tairi ikagoma. Kazi iliyokuwa imepangiwa mamilioni ikaishia hapo, na vijana wa gereji waungwana, walikaa wanaangalia mpaka mwisho na mmoja akaomba aelekezwe lile jaribio afanye mwenyewe kwa mkono wake.

Kwa wenye ADD ya vakyumu nieleze zaidi kidogo maana hizi ziko nyingi na ndo zinazoongoza kwa kusingiziwa. Mipira ni miwili kwa sababu mmoja unavuta kwenda kufunga na mwingine unavuta kwenda kufungua. Injini ikiwa inaunguruma chomoa mpira mmoja uweke kidole, kisha mwenzako abadilishe kutoka 2H kwenda 4H, unatakiwa uhisi kidole kinavutwa kwenye mpira mmoja ukiwa 2H na kwenye mpira wa pili ukiwa 4H. Kama hakuna mpira unaovuta popote, rudi nyuma kwenye chanzo. Kwenye dizeli kama 2L na 3L pampu ya vakyumu imefungwa nyuma ya alteneta na ndo hiyohiyo inayosaidia breki, kwa hiyo kama pedeli ya breki imekuwa ngumu siku hizi na foo wili nayo imegoma, acha habari ya difu kwanza, tafuta vakyumu imepotelea wapi, tena haraka kwa sababu ya breki. Kama kwenye chanzo ipo na mwisho haifiki, katikati kuna valvu mbili ndogo za umeme. Hizo ukizipa umeme wa betri unasikia zinapiga "tk". Isiyopiga imekufa au plagi yake imeliwa na kutu, na hapa niseme kwa wenzangu wa pwani, Lindi mjini, Mikindani, Kilwa, ile hewa ya chumvi inakula vichwa vya waya mpaka vinakuwa unga wa kijani ndani ya plagi, kwa nje unaona plagi nzima. Chomoa, safisha kwa brashi ndogo, rudisha, mara nyingi inaamka.

Kama vakyumu inafika mpaka kwenye kidude chenyewe na bado hakishiki, inawezekana mpira wa ndani umechanika. Kipimo chake ni rahisi, nenda duka la dawa nunua bomba kubwa la sindano lile la mililita 60, unganisha na kampira, vuta. Ukivuta na ukiachia bomba linarudi lenyewe kwa nguvu, maana yake linashikilia, kidude ni kizima. Ukivuta linavutika tu bila upinzani, kimechanika. Na kuna ujanja wa dharura ambao umewatoa watu porini: badilishana ile mipira miwili, wa kufunga uweke kwa kufungua. Ukifanya hivo ukiwa kwenye 2H upande wa mbele unakuwa umefunga muda wote. Haina madhara kwa muda, propela ya mbele itakuwa inazungushwa na tairi tu, mafuta yataongezeka kuliwa kidogo. Ukiona imeshika kwa namna hiyo, ujue kidude na difu ni vizima na tatizo liko kwenye valvu, swichi au waya. Ukishajua, rudisha mipira ilivyokuwa, kwa sababu ikiwa imebadilishwa hivo ukiingiza 4H ndo itafungua. Kama bado uko porini na unahitaji 4H, chomeka ule wenye vakyumu muda huo kwenye tundu la kufunga na uuache mwingine wazi umefungwa na kitambaa ili uchafu usiingie. Na ile taa inayopepesa bila kutulia kwenye hizi gari mara nyingi ndo inakwambia hivi, transfa imeingia lakini ADD haijamaliza kazi. Pajero nazo zinapepesa zile taa za tairi za mbele kwa sababu inayofanana.

Wa habu za mkono. Hapa kosa kubwa ni habu moja kuwa LOCK na nyingine FREE. Difu ya kawaida inapeleka mzunguko kule kwepesi, kwa hiyo nguvu yote inaishia kuizungusha shafti ya upande wa FREE bure na tairi zote mbili za mbele hazivuti kabisa. Siyo kwamba inavuta nusu, haivuti. Ya pili ni habu inayosoma LOCK kwa nje huku ndani haijaingia, ama kwa kutu, ama kwa grisi. Mafundi wetu wengi wanapenda kuijaza habu grisi nzito mpaka inafurika wakidhani wanaisaidia, kumbe ile grisi inazuia ile ringi ya ndani isiteleze kwenda kushika meno. Inatakiwa ipakwe nyembamba, na beringi ndo zijazwe. Kipimo chake piga ukiwa 2H, habu zote LOCK, tairi moja juu, zungusha kwa mkono, propela ya mbele inatakiwa izunguke nayo. Isipozunguka, ujue habu mojawapo haijashika. Habu za otomatiki mimi sizipendi kwa njia zetu, zinaachia wakati unazihitaji, hasa ukiwa unayumbisha gari mbele na nyuma kujinasua kwenye tope, manake zimeundwa ziachie pale ukirudi nyuma baada ya kutoa foo wili. Anayeweza kupata za mkono azibadilishe.

Kuna tatizo lingine ambalo ni kinyume cha hili, foo wili inaingia vizuri lakini haitoki, au gari inakuwa nzito, inakatakata ukikata kona, tairi zinalia. Ya kwanza ni kuendesha 4H kwenye lami kavu. Kwenye kona tairi za mbele zinatembea njia ndefu kuliko za nyuma, na transfa imezifunga zizunguke sawa, kwa hiyo vyuma vinajisokota. Kwenye mchanga tairi inateleza kidogo msokoto unaisha, kwenye lami hauna pa kwenda. Mtu anatoka Msimbati kwenye mchanga anaingia lami anasahau, akifika mjini gia haitoki. Usiipige gia na nyundo wala teke jamani. Rudi nyuma mita kadhaa ukiwa umenyoosha usukani, au ingiza tairi za upande mmoja kwenye vumbi, itaachia yenyewe.

Lakini kama inajisokota hata kwenye mchanga, tena ukiwa umenyooka, hapo kuna kitu hakilingani. Angalia tairi kwanza. Watu wananunua mbili mpya wanaweka nyuma, mbele zinabaki zile zilizolika au za saizi nyingine. Chora alama ya chaki kwenye tairi na chini, sogeza gari mzunguko mmoja kamili, pima kwa futi kamba, fanya kwa zote nne. Zikiwa sawa nenda kwenye difu. Kuna Hilux ya jirani yetu huku Mtwara iligongwa mbele ikafungwa difu ya kutoka gari nyingine, tangu siku hiyo ukiingiza 4H inakuwa kama imeshikwa breki. Watu wakalaumu transfa, wakalaumu beringi. Tukahesabu. Unapiga jeki tairi moja, transfa ikiwa 2H, habu zikiwa LOCK na gia nyutro, unachora alama kwenye propela, unazungusha tairi mizunguko miwili kamili huku mwenzako anahesabu propela imezunguka mara ngapi, hiyo ndo namba ya difu yako. Mbele na nyuma zinatakiwa zifanane. Toyota wana difu za 4.10, za 4.30, za 4.556, za 4.875, kwa nje zote zinaonekana ndugu. Ile Hilux nyuma propela ilizunguka nne na kitu kidogo, mbele ilizunguka nne na nusu na kidogo. Hakuna transfa duniani itakayovumilia hiyo. Kama difu yako ya nyuma ni ya LSD, ile inayobana tairi zisizunguke tofauti, inua tairi zote mbili za nyuma, zuia zile za mbele kwa mawe, na uzungushe zote pamoja mzunguko mmoja, jibu ni lilelile.

Oili nayo isisahaulike, na hii nashauri kila mtu aifanye masika yakiisha hata kama gari haijasumbua. Fungua pulagi ya juu ya difu ingiza kidole. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Yanaingiaje wakati sili ni nzuri? Difu ikitembea inapata joto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka kwenye kale kabomba ka kupumulia juu, ukiingia mtoni ghafla inapoa inavuta, na kama kabomba kameziba kwa tope inavuta kupitia kwenye sili pamoja na maji. Dawa ni kusafisha kale kabomba, na ukiweza unganisha mpira mrefu upande mpaka juu kwenye boneti. Oili mwaga yote, weka 80W-90 au 85W-90 ya GL-5, tembea siku chache, angalia tena. Pulagi ya chini ikiwa na sumaku utakuta uji wa kijivu laini, huo ni wa kawaida, ila ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, hapo meno yanavunjika, usiendeshe.

Kwa Land Cruiser angalia na yale mapira ya chuma nyuma ya tairi za mbele. Ukikuta grisi imekuwa supu nyeusi inachuruzika mpaka ndani ya ringi, sili ya shafti imekufa na oili ya difu imehamia humo, jointi inakosa grisi na difu inakosa oili kwa wakati mmoja.

Sauti nitazipita haraka. Ka ka ka ukikata kona huku unavuta, jointi ya shafti ya mbele. Mshindo mmoja ukitoa gari au ukibadilisha kwenda rivasi, krosi za propela zina mchezo, zishike kwa mkono uzitikise. Mvumo unaopanda na spidi, beringi au meno ya difu.

Na transfa je, ina haki ya kulaumiwa lini? Pale propela ya mbele inapozunguka na tairi wakati uko 4H na mkono wa gia umehakikisha unafika mwisho. Au pale gia inaporuka yenyewe kutoka 4L, ile gia nzito ya polepole, ukiwa unapanda. Au, kwa zile transfa zenye cheni ndani, unaposikia mruko mzito "kra kra" ukiweka nguvu kwenye mchanga, cheni imerefuka inaruka meno. Za Land Cruiser mkonga ni gia tupu hazina cheni, akikwambia mtu cheni ya mkonga imekatika, ondoa gari yako pale.

Ikifika huko na ni lazima ununue yusdi, usiipokee ikiwa imefungwa kwenye boksi ukailipia. Ifunguliwe mbele yako, mwaga oili iliyobaki uitazame na kuinusa, iliyoungua ina harufu kali ya moto. Zungusha shafti ya kuingilia kwa mkono ukiwa umeweka 2H, ya mbele isizunguke, weka 4H zote mbili zizunguke pamoja, weka 4L uone shafti za kutokea zinaenda polepole kuliko ya kuingilia. Shika kila shafti uitikise juu na chini. Angalia tundu la swichi ya foo wili kama bado lina nyuzi zake, na namba ya meno ya shafti inayoingia kwenye gia boksi yako uihesabu kabisa, kwa sababu kuna ambazo zinafanana kwa macho na hazikai. Vyote hivyo vinafanyika juu ya meza ya dukani kabla hela haijatoka mfukoni.